Simu ya mteja kwanza: hotuba kwa wasanidi wa programu za simu kuhusu vifaa vya kununua na vya kukodi

Ndugu zetu wasanidi wa programu, kaka na dada, asanteni kwa kutuletea maswali mapema. Mengi yanafanana: laptopu ya GB 8 inatosha? Ni lazima kununua Mac? Simu za majaribio ni za nini ilhali emuleta, simu ya kuigizwa ndani ya laptopu, ipo na ni ya bure? Tutayapitia. Ila tunaanza na jibu lenyewe, ili hata atakayelazimika kutoka kabla hatujamaliza aondoke nalo: kama mfuko unaruhusu kifaa kimoja tu, nunua simu ya aina anayoshika mteja wako. Laptopu mpya isubiri, na Mac isubiri zaidi.

Mteja huyo, awe Tandika, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, mara nyingi ana Android ya bei ya chini: TECNO, Infinix, itel, au Samsung ya mfululizo wa A. RAM ni GB 2 hadi 4. Hifadhi imejaa video za WhatsApp. Bando analipima kwa MB. Apu yako itaishi humo, na humo ndimo itakapofia kama hukuijaribu.

Emuleta huficha mambo matatu. La kwanza ni prosesa. Kwenye laptopu ya Intel au AMD, emuleta huendesha Android ya x86_64. Simu ya mteja ni ya ARM, na simu nyingi za bei ya chini huendesha Android ya biti 32, ile ya armeabi-v7a, hata pale ambapo chipu yenyewe inaweza biti 64. Sasa chukua maktaba (msimbo uliotengenezwa na mtu mwingine) ya kusoma kitambulisho kwa kamera, au ya kusimba hifadhidata. Kama aliyeitengeneza hakuweka faili la .so la armeabi-v7a, ilhali maktaba zako nyingine zimeliweka, apu itasakinishwa bila kinyongo kwenye simu ya mteja kisha itakufa pale inapoiita maktaba ile. Kwenye logi utakuta UnsatisfiedLinkError, yaani maktaba haikupatikana. Mezani kwako kila kitu kilikuwa kijani.

La pili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linagusa fedha za watu. Mteja anaagiza bidhaa, anabonyeza lipa, na seva yako inatuma ombi la malipo la M-Pesa. Dirisha la PIN linatokea juu ya apu, nalo linaletwa na laini ya simu, kitu ambacho emuleta haina. Mteja anaweka PIN, anafungua ujumbe mfupi kuhakikisha, labda anajibu WhatsApp palepale. Kwenye simu ya GB 2, mfumo unahitaji nafasi, hivyo unaiua apu yako iliyoko nyuma. Mteja akirudi, apu inaanza upya kwenye ukurasa wa mwanzo, kikapu ni kitupu, na fedha zimekatwa. Atalipa mara ya pili au atakuita tapeli. Kwenye emuleta uliyoipa GB 4, yenye apu yako peke yake, hali hii haitokei mwaka mzima.

Dawa yake ni ya msimbo, ila simu ndiyo inayokulazimisha uitafute. Oda iandikwe kwenye seva kabla ombi la malipo halijatoka. Ile CheckoutRequestID, namba ya ombi inayorudishwa na Daraja (mlango wa M-Pesa ya Safaricom kwa wasanidi), ihifadhiwe pamoja na oda. Kila apu inapofunguka, iulize seva kama kuna oda isiyokamilika. Kuijaribu, nenda kwenye Chaguo za wasanidi programu, washa "Usihifadhi shughuli", halafu toka na urudi kwenye kila ukurasa. Jaribio hilo linagusa kurasa tu, kwa hiyo ongeza la pili: peleka apu nyuma kwa kitufe cha nyumbani, andika adb shell am kill na jina la kifurushi chako (adb ni zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye laptopu), kisha irudishe kupitia orodha ya apu za karibuni. Kasoro nyingi za malipo huibuka hapo hapo.

La tatu ni wasimamizi wa betri. HiOS ya TECNO, XOS ya Infinix na mfumo wa Xiaomi huzuia apu kuamka zenyewe kwa ukali kuliko Android ya kawaida. Kazi uliyoipanga kila baada ya saa moja haiendi. Arifa haifiki mpaka mteja afungue apu. Nakala za Android zinazokuja na emuleta hazina wasimamizi hao, kwa hiyo utaapa kwamba arifa zinafanya kazi, na utakuwa mkweli kwa mashine yako tu.

Basi simu hiyo inunuliweje? Tunashauri mbili ikiwezekana: moja ya GB 2 yenye Android Go, ile nyepesi ya simu ndogo, nyingine ya GB 4 ya kawaida. Simu yako ya kila siku haifai kuwa ya majaribio, maana ya majaribio utaifuta mara kwa mara hadi ilivyotoka kiwandani, na utaijaza hifadhi kwa makusudi uone apu inafanyaje pakibaki MB 200. Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na laptopu yenye adb pamoja na waya wa USB ulioujaribu nyumbani. Waya nyingi ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data, na watu wamepoteza siku nzima wakihangaika na madereva ya Windows kumbe tatizo ni waya.

Dukani, kabla ya kulipa, piga *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na iliyoandikwa kwenye boksi. Tanzania unaweza kuituma namba hiyo kwenda 15090 ukaona ni simu ya aina gani. Fungua Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, washa Utatuzi wa USB, chomeka, andika adb devices. Ikitokea "unauthorized", kubali dirisha lililojitokeza kwenye kioo cha simu. Orodha ikiwa tupu, rudi kwenye waya. Kisha andika adb shell getprop ro.product.cpu.abi ujue ni biti 32 au 64, na adb shell cat /proc/meminfo usome mstari wa MemTotal. Amri hii ya mwisho ni muhimu kwa sababu matangazo mengi siku hizi huandika "8GB RAM" kumbe 4 ni RAM na 4 ni hifadhi iliyokopwa kufanya kazi ya RAM. Simu ya GB 4 halisi huonyesha chini kidogo ya kB 4,000,000. Ikionyesha 1,900,000, umeshika ya GB 2, hata stika iseme nini.

Mtumba una tahadhari yake: simu ya mkopo ambayo mwenye nayo wa kwanza hajamaliza kulipa. Hufungwa kwa mbali, na kuifuta hadi ilivyotoka kiwandani hakuifungui. Ifute mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti, uipitishe hatua zote za mwanzo. Ikitaja kampuni inayosimamia kifaa, mrudishie kwa heshima uondoke. Xiaomi nazo zina sharti lao: kusakinisha apu kupitia USB hudai akaunti ya Mi na laini iliyo ndani ya simu, kwa hiyo nenda na laini.

Ukishaipata, usiiache kwenye chaji miezi sita mfululizo kama sehemu ya meza. Betri hufura na kusukuma kioo. Tumia soketi yenye saa, iwake saa chache kwa siku, au weka kikomo cha asilimia 80 kama simu inaruhusu.

Sasa laptopu. Hapa simu ile inakulipa mara ya pili, na wengi hawalioni hili. Hesabuni pamoja nasi RAM ya kazi ya kawaida. Windows hukaa na GB 3 hivi. Android Studio, programu ya kuandikia apu, huja na kikomo cha GB 2 za heap (kumbukumbu inayojitengea) na hutumia zaidi ya hapo nje ya heap. Gradle, inayosimamia kazi ya kujenga apu, hupewa GB 2 kwenye miradi mingi, na lugha ya Kotlin ina mchakato wake pembeni. Chrome yenye tabo kumi, GB 1 hadi 2. Emuleta, GB 2 hadi 4. Jumla inavuka 10, na mashine ya GB 8 inaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Google wenyewe hutaja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha Android Studio peke yake, na 16 ukiongeza emuleta. Toa emuleta, weka simu halisi, na umerudisha GB 2 hadi 4 bila kufungua hata skrubu. Kuanzia Android 11 huhitaji waya kila mara: utatuzi usiotumia waya unatosha, mradi vyote viwe Wi-Fi moja. Wi-Fi za ofisi na hosteli mara nyingi huzuia vifaa kuonana. Hapo washa hotspoti ya laptopu yenyewe uiunganishe simu humo. Ukitaka kioo cha simu kionekane kwenye laptopu, scrcpy ni ya bure na nyepesi.

Kama bado mashine inakwama, usikimbilie duka. Pima. Fungua Task Manager wakati wa kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa apu. Kumbukumbu ikiwa juu ya asilimia 90 na diski imeshika 100, unakosa RAM. Prosesa ikiwa 100 na kumbukumbu ina nafasi, prosesa ndiyo iliyochoka. Vyote viwili vikiwa vimetulia na kazi haisogei, Gradle inasubiri intaneti ikupakulie maktaba, na hakuna laptopu duniani itakayotibu bando. Washa hali ya nje ya mtandao ya Gradle baada ya upakuaji wa kwanza. Amri ya ./gradlew assembleDebug --profile hukuandikia ripoti inayoonyesha muda umekwenda wapi, ipo kwenye build/reports/profile.

Fanya na hesabu ya muda. Tuseme kukompaili ni dakika 5 na unafanya hivyo mara 20 kwa siku: dakika 100. Ukishusha hadi 2, umepata saa nzima kila siku ya kazi. Kwa anayekompaili mara 3 kwa siku, faida ni dakika 9, na fedha hizo zina matumizi bora.

Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia kwetu zinaongezeka RAM, na hii ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mashine mpya. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili za DDR4. Weka vipande viwili vya GB 8 vinavyolingana, upate 16 zinazofanya kazi sambamba. T480s sehemu ya RAM imechomelewa na nafasi ni moja. X1 Carbon yote imechomelewa, usiinunue ikiwa na 8 ukitumaini kuongeza. Task Manager, upande wa Memory, hukuonyesha nafasi ngapi zimetumika, ingawa nyingine huhesabu hata iliyochomelewa, kwa hiyo hakikisha kwa kufungua kifuniko. Kama diski bado ni ya kuzunguka, badili SSD kabla ya lolote. Na mnaotumia emuleta inayojikokota kama konokono, angalieni BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka: VT-x ya Intel au SVM ya AMD, inayoiharakisha emuleta, mara nyingi hukuta imezimwa. HAXM mliyozoea, dereva ya Intel ya kuharakisha emuleta, iliachwa mwaka 2023. Kwenye Windows tumieni Windows Hypervisor Platform.

Tuje kwenye Mac, ambako watu hutumia fedha nyingi kwa haraka zaidi. Xcode, programu ya kutengenezea apu za iPhone, huendeshwa na macOS tu, na leseni ya macOS inaruhusu mashine za Apple tu. Flutter na React Native, za kuandika apu moja kwa Android na iPhone, haziondoi sharti hilo. Zinakuwezesha kuandika kwenye Windows, ila apu ya iPhone lazima ikompailiwe kwenye Mac fulani mahali fulani. Swali ni kama Mac hiyo iwe yako.

Anza na watumiaji wako. Kama una tovuti, takwimu zake zitakwambia ni wangapi wanaingia kwa iPhone. Apu ya wauza mboga wa Mabibo haina sababu ya kusubiri iOS. Apu ya Waswahili walioko Marekani, ambako zaidi ya nusu ya simu janja ni iPhone, itakuwa nusu apu bila iOS.

Kama jibu ni ndiyo, kodi kwanza. Kuna huduma zinazokompaili kwenye Mac zao na kukurudishia matokeo. Kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kwa miaka mingi dakika 1 ya mashine ya macOS imehesabiwa kuwa 10 kwenye mgao wa bure wa hazina za msimbo za siri, hivyo dakika 2,000 za mwezi ni 200 tu. Kama apu yako inachukua dakika 20, una nafasi 10 kwa mwezi. Hazina za wazi hazikatwi. Ukikodi Mac nzima kwa AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta, leseni ya Apple inalazimisha angalau saa 24 mfululizo, kwa hiyo usikodi kwa kazi ya nusu saa. Kusanya kazi za wiki mbili uzifanye siku moja. Utalipa pia $99 kwa mwaka za akaunti ya msanidi wa Apple. Akaunti ya bure ipo, lakini apu iliyosakinishwa kwayo huisha siku ya 7, na arifa za seva haziruhusiwi.

Njia hii inakwenda hivi: msimbo unatoka laptopu yako, unakompailiwa mbali, unaingia TestFlight, huduma ya Apple ya kusambaza apu za majaribio, unausakinisha kwenye iPhone halisi. Toleo la TestFlight linadumu siku 90. iPhone hiyo ya majaribio iwe 11 au mpya zaidi, maana iOS 26 imeziacha XR na XS. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kila jaribio linagharimu nusu saa. Ukifika mahali unatafuta kosa la kamera au la Bluetooth, na unahitaji kusimamisha msimbo mstari kwa mstari, kukodi kumefika mwisho. Hapo nunua.

Na ukinunua, chukua ya chipu za Apple zenyewe, zilizoanza na M1 Novemba 2020. Hapa tunawasihi sana, kwa sababu MacBook Air ya Intel ya 2017 ni nyingi sokoni na bei yake inavutia. Mlolongo ni huu: App Store hupandisha kiwango cha SDK (zana za kujengea apu) inachopokea, SDK inadai Xcode mpya, Xcode inadai macOS mpya, macOS inaikataa mashine ya zamani. Tangu 24 Aprili 2025 apu zilitakiwa kukompailiwa kwa Xcode 16, inayohitaji macOS 14.5. Air ya 2017 inaishia macOS 12, na Xcode yake ya mwisho ni 14.2. Utajifunzia Swift, lugha ya apu za Apple, humo vizuri, lakini apu yako itagonga mlango uliofungwa. Apple walitangaza Juni 2025 kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Intel, tena kwa mashine chache tu za Intel.

Kwa timu, chaguo letu ni Mac mini ya M4. Ilitoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na GB 16 kwa bei ya kuanzia $599 huko Marekani, kabla ya kodi na usafiri. Tayari una skrini na kibodi. RAM haiongezeki baadaye. Hifadhi ya GB 256 hubana haraka, maana Xcode na simuleta zake (iPhone za kuigizwa) hula makumi ya GB. Futa DerivedData, mabaki ya kukompaili, kila mwezi, na andika xcrun simctl delete unavailable kuondoa simuleta ambazo Xcode uliyonayo haizikubali tena. Wasanidi watatu wanaweza kuichangia kwa SSH (kuingia kwa amri kutoka mbali) na kushiriki skrini. M1 ya mtumba yenye GB 8 inafaa kwa mtu mmoja mwenye mradi mmoja, mradi Android Studio isiwashwe sambamba.

Mac ya mtumba ifute mbele ya muuzaji, na uiweke upya ikiwa imeunganishwa na intaneti hadi mwisho. Bila intaneti, ukurasa wa usimamizi wa mbali hautokei, nawe utagundua wiki ijayo kwamba ni mali ya kampuni au shule fulani. Ikidai Apple ID ya mtu mwingine, hapo hakuna biashara. Kwa MacBook, soma mizunguko ya betri; kikomo ni 1,000.

Mac mini haina betri, na umeme wetu mnaujua. UPS ya VA 650 inatosha kabisa kwa mashine isiyozidi wati 65 pamoja na skrini moja, kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu. Umeme ukikatika katikati ya kukompaili, kache huharibika na utatafuta kosa lisilokuwepo kwenye msimbo.

Jambo moja kwa wanaokodi na wanaonunua sawasawa: funguo. Cheti cha kusaini cha Apple kina ufunguo wa siri unaokaa kwenye Mac ilikotengenezewa. Mac ya kukodi ikifutwa, imeondoka nao. Utoe kama faili la .p12 lenye nenosiri, ulihifadhi sehemu mbili.

Tumalizie na Google Play, ambayo ada yake ni $25 mara moja. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 hulazimika kuwa na wajaribu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla apu haijaruhusiwa kwa umma. Mwanzoni walikuwa 20. Wengi huliona hili kama kero na kuwaomba wasanidi wenzao, watu wenye simu nzuri. Msifanye hivyo. Chagueni watu 15 ili hata watatu wakijitoa mbaki na 12, na angalau sita kati yao wawe na simu za GB 2 au 3, za chapa tofauti, mmoja akiwa nje ya mji ambako mtandao unashuka hadi 3G. Andikeni modeli ya kila simu siku ya kwanza, na siku ya saba mpigieni kila mmoja kumuuliza kama arifa zimefika.